Uzamili wa landskepu kwa mtu wa Kusini: Pretoria, Cape Town, Ahmedabad, Uingereza au Ujerumani?

Mpwa wangu alikuja na bahasha ya kaki, akaimwaga juu ya meza yangu ya kuchorea, akasema, "Shikamoo mjomba. Nichagulie." Kwetu Mtwara mjomba bado ana kauli, ila siku hizi kauli yenyewe haina nauli. Nikamwambia kuchagua tutasaidiana, habari ya kulipa tutaiongea korosho zikishapita mnadani.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa alizochapisha steshenari: Harvard, Cape Town, Pretoria, Sheffield, CEPT ya Ahmedabad, Nürtingen, na Ås kule Norwe. Yeye ana shahada ya kwanza ya usanifu wa mandhari kutoka Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Alifuatana na mwenzake wa Lindi, kijana wa Mtanda, aliyemaliza ubunifu majengo chuo hichohicho. Wote wawili wanataka masta ya landskepu. Hilo ndilo neno letu la ofisini. Kwenye makaratasi ni usanifu wa mandhari, na kwa shangazi zetu ni "kusomea bustani". Nilipotazama orodha zao za vyuo nikaona ni moja, imepangwa vilevile, kutoka chuo chenye jina kubwa kushuka chini. Mmoja alinakili kwa mwenziwe.

Nikawauliza: nyinyi mna digrii mbili, mnawezaje kuwa na orodha moja? Hawakuwa na jibu, na nadhani wapo wengi wasio na jibu, ndiyo maana nayaandika haya.

Unaingia kwa mlango upi

Nianze na Harvard. Simshauri mtu wa Mtwara aanzie huko, ila mgawanyo wao ndio ulio wazi kuliko yote, na ukishauelewa utavisoma vyuo vingine bila taabu. Kozi yao ilianza mwaka 1900 chini ya Frederick Law Olmsted Jr., mtoto wa yule aliyeshiriki kubuni Central Park ya New York. Leo wana milango mitatu. Asiye na digrii ya ubunifu husoma miaka 3. Mwenye digrii ya kitaaluma ya ubunifu majengo huvushwa mwaka wa kwanza, akasoma miaka 2. Mwenye digrii ya kitaaluma ya landskepu ana programu yake ya peke yake, ya kuzama zaidi, wala harudishwi kwenye misingi. Chuo Kikuu cha Pennsylvania nacho kina njia ya miaka 3 na ya miaka 2.

Maana yake ni kwamba kijana wa Lindi na mpwa wangu wakiomba chuo kilekile wanaomba vitu viwili. Akijaza fomu ya mwenzake, anakataliwa kabla mtu hajafungua michoro yake.

Uingereza mgawanyo ni uleule kwa sura nyingine. Aliyetoka fani jirani hupitia njia ya kubadili fani, na mara nyingi hiyo ni miaka 2. Aliye tayari mtu wa landskepu humaliza kwa mwaka 1. Cha kutazama pale ni kama kozi imeidhinishwa na Landscape Institute, chama chao cha tangu 1929. Chuo kimoja huwa na kozi tatu zenye neno landskepu kwenye jina, na si zote zilizoidhinishwa. Soma ukurasa mpaka chini.

Pretoria wana ngazi ambayo Watanzania wengi hawaijui: digrii ya kwanza ya miaka 3, halafu mwaka wa honazi, ndipo masta ya kitaaluma. Sisi hatuna honazi, kwa hiyo swali la kwanza kuwaandikia ni moja tu: digrii yangu ya Ardhi mnaihesabu ngazi gani, ya kuingia honazi au ya kuingia masta? Kabla ya hapo vyeti vyako vitapimwa na SAQA, mamlaka yao ya sifa za elimu, na hilo halifanyiki kwa wiki moja. Cape Town wana masta ya miaka 2, na wao huangalia sana potifolio, yaani mkusanyiko wa michoro yako.

India ni rahisi kueleza. CEPT ya Ahmedabad na SPA ya Delhi zote zina masta ya landskepu ya miaka 2, na mlango wake mkuu ni digrii ya ubunifu majengo. Delhi wanaifundisha tangu 1972. Kwa kijana wa Lindi hapo ni kama nyumbani: darasa zima ni wabunifu majengo wanaojifunza upya kutazama nje ya ukuta.

Ujerumani kuna masta ya kimataifa inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vya Nürtingen-Geislingen na Weihenstephan-Triesdorf, kwa Kiingereza, miaka 2. Hiyo inamtaka zaidi mtu aliyekwisha kusoma landskepu au mipango ya mandhari. Mpwa wangu anaingia. Yule wa Lindi itabidi ajieleze.

Na aliyesomea ubunifu wa ndani? Huyo yuko njia panda. Ana mafunzo ya ubunifu lakini hana ya majengo wala ya mandhari. Vyuo vingine vitamvusha, vingine vitamrudisha mwanzo. Asikisie, awaandikie kwanza.

Mwaka wa ziada, na jiko la jirani

Kijana wa Lindi alinuna. "Bamkubwa, yaani mimi niliyekesha na makabrasha miaka yote ile Ardhi, nisome miaka miwili, na huyu asome mmoja?"

Nikamsimulia la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilichora nyumba ya wageni Shangani, hapahapa Mtwara. Ndani nilichora kila kitu, hadi kitasa. Nje ya ukuta nikaandika neno moja, "bustani", nikafunga faili. Mwenye mali alitaka pawe pasafi, kwa hiyo akatandika pevingi uwanja mzima, ukuta kwa ukuta, na mimi nikaona pamependeza. Mvua ya kwanza ya Januari ilipopiga, maji yote ya bati na ya uwanja yakatafuta njia. Asubuhi mama jirani akaja getini na ndoo mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Njoo uone jiko langu."

Nikaenda na fundi na ule mpira wa levo, mrija unaong'aa uliojaa maji. Mmoja anashika ncha hii, mwingine anashika ile, maji yanajipima yenyewe. Kutoka getini hadi ukuta wa yule mama ni mita 18, na ardhi ilikuwa imelala kuelekea kwake kwa sentimita 11. Sentimita 11! Kwa macho huioni. Mchanga uliokuwepo zamani ulikuwa unayanywa maji kabla hayajafika. Pevingi yangu ikayapa barabara.

Mimi ni mbunifu majengo niliyesajiliwa, na sikuwahi kufundishwa kuuona mteremko ule. Ndiyo maana nikimwona mtu wa majengo anatafuta masta fupi ya landskepu kuliko zote, nashtuka. Ule mwaka anaotaka kuukwepa ndio wenye udongo, mimea, maji na kusawazisha ardhi. Vitu vya masta anavyovitamani, studio kubwa za miji na michoro ya kuning'iniza ukutani, tayari anaviweza nusu. Kwake miaka 2 ndiyo haki. Kwa mpwa wangu ni kinyume: yeye mpira wa levo ameushika tangu mwaka wa kwanza, na chuo kitakachomrudisha kwenye majina ya mimea na kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, kitamla pesa. Yeye atafute mwaka 1, au miaka 2 yenye utafiti wake mwenyewe ndani.

Nani analipa

Hapa ndipo orodha nyingi hufa, na ile milango inarudi kuuma.

Chevening ya serikali ya Uingereza, ambayo kila Mtanzania anaijua, hulipia masta ya mwaka 1. Njia ya kubadili fani ya miaka 2 hailipiwi. Kwa hiyo mtu wa landskepu anaweza kwenda Uingereza kwa Chevening, na mtu wa majengo anayetaka kuhamia landskepu, kwa kozi ile iliyoidhinishwa, hawezi. Nimeona watu wakigundua hili wakiwa wameshaandika insha zote. Chevening wanataka pia saa 2,800 za kazi, karibu miaka 2, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka 2. Dirisha hufunguliwa kila Agosti. Mpwa wangu amekaa ofisini kwangu mwaka mmoja na miezi. Hesabu bado haijatimia.

Afrika Kusini, Mastercard Foundation inafadhili wanafunzi Waafrika pale Cape Town na Pretoria, na Edinburgh kule Uskochi pia wamo. Lakini si kila kozi ya chuo imo kwenye ufadhili. Orodha ya kozi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anza na orodha kabla ya kuipenda kozi. India wana ICCR, baraza la serikali yao linalotoa ufadhili, ambalo limesomesha Watanzania wengi sana: ada, posho ya kila mwezi na ya makazi. Posho si kubwa, lakini Ahmedabad maisha si ya London. Hapa pia hakikisha chuo unachokitaka kinaonekana kwenye portali yao.

Ujerumani watu husema "ni bure". Jimbo la Baden-Württemberg, iliko Nürtingen, hutoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na hata pasipo na ada kuna akaunti ya kufungiwa: kabla ya viza unaweka benki pesa ya kujikimu ya mwaka mzima, euro 11,904 kwa kiwango cha 2024, halafu wanakutolea kidogokidogo kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Tuseme korosho ni shilingi 3,000 kwa kilo: ni zaidi ya tani 10, na ziwe zimepita ghalani, zimeuzwa na mmelipwa. Pesa ni yako, hailiwi na mtu, ila lazima uwe nayo siku moja, yote. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka.

Norwe ilikuwa ndoto nzuri. Chuo cha Ås kinafundisha landskepu tangu 1919, kabla ya vyuo vikuu vingine vya Ulaya, na wana masta ya Kiingereza. Lakini tangu vuli ya 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada. Nikaichomoa kwenye bahasha, nikaiweka pembeni.

Marekani, ada peke yake kwa vyuo kama Harvard inapita dola 50,000 kwa mwaka. Jambo moja linalowavutia watu: tangu 2023 landskepu imeingizwa kwenye orodha yao ya fani za sayansi na teknolojia, kwa hiyo mhitimu anaweza kuombewa kufanya kazi ya mafunzo hadi miezi 36 badala ya 12. Ni kitu. Lakini huwezi kukopa dola laki moja kwa matumaini ya miezi 36.

Gharama ndogondogo nazo zisikupite. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unafanyika Dar, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa, kwa basi la alfajiri na siku mbili za kulala kwa ndugu. Matokeo yake huishi miaka 2, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza kwa siku 90 za matembezi, na wapo wanaodhani wataingia hivyo wakasome. Masomo yana viza yake, na inaombwa ukiwa huku.

Mvua ya kule na mvua ya huku

Sasa hili ndilo ninalolipenda, na ndilo lisiloandikwa kwenye kurasa za vyuo.

Kusini hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu kusoma ardhi kabla ya kuchora. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara yenye kina na barabara zake pana ni watoto wa mpango ule. Reli ya kwenda Nachingwea nayo ilikuwa mtoto wake, ikang'olewa. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Mashine zilikuwepo, pesa ilikuwepo. Udongo na mvua havikuulizwa. Kila nikipita barabara zile pana nawaza kuwa mji wangu umejengwa juu ya kosa la landskepu.

Kwa hiyo nauliza hivi: kule unakokwenda, mvua inanyesha vipi? Sisi tuna msimu mmoja. Inaanza Novemba au Desemba, inakoma Aprili hadi Mei. Hatuna vuli na masika kama wa Dar. Halafu kiangazi kirefu, kusi inavuma, na nyasi zinakuwa rangi ya simba.

Pretoria mvua yao inakuja miezi ileile, Oktoba hadi Machi, na kiangazi chao ni kikavu kama chetu. Wana baridi na barafu ya asubuhi kwa sababu wako juu mlimani, lakini mtu anajifunza kuhimili maji mengi kwa muda mfupi, kisha miezi bila tone. Hiyo ndiyo Mtwara.

Cape Town ni kinyume kabisa: mvua Juni hadi Agosti, Desemba kukavu. Mimea yao mingi haipatikani popote pengine duniani, na majina utakayoyakariri hayatakusaidia Mchinga. Ila mwaka 2018 mji ule ulikaribia kufunga mabomba, kila mtu akawekewa lita 50 kwa siku. Mtu wa Newala akisikia lita 50 anacheka. Kwenye Uwanda wa Makonde watu wanajua ndoo ina lita ngapi na kisima kiko umbali gani. Kusoma landskepu kwenye mji uliopigwa na kiu namna ile ni faida kwa mtu atakayerudi kuchora shule Newala au Tandahimba, ambako paa la bati na tangi ni sehemu ya mandhari kama mti.

Ahmedabad ndiko kunakonivutia zaidi kwa kijana wa Lindi. Mvua Juni hadi Septemba, kisha ukavu na joto la kutisha. Wazee wao walichimba visima vya ngazi; kile cha Adalaj, nje kidogo ya mji, ni cha mwishoni mwa karne ya 15, unashuka ghorofa kadhaa chini ya ardhi kufuata maji yanavyoshuka. Palepale mjini mto Sabarmati umebanwa kwa zege pande zote mbili na watu wanatembea juu yake. Darasa zuri ni lile lenye vitu hivyo viwili, cha kusifia na cha kubishania, ndani ya safari moja ya bajaji.

Ulaya ya Kaskazini utasoma miti isiyo na majani nusu ya mwaka. Usidharau, kwa sababu unachokifuata kule ni namna ya kuamua mambo. Ujerumani tangu 1976 wana sheria inayosema ukiharibu asili kwa ujenzi lazima uepuke, upunguze, na kinachobaki ukifidie kwa kurejesha asili mahali. Wasanifu wa mandhari ndio wanaoipiga hesabu hiyo: hekta hii ya msitu ina thamani gani, na utapanda nini wapi. Ukikumbuka mradi wa gesi asilia unaongojewa Likong'o, Lindi, na mabomba yaliyokwisha pita Mnazi Bay na Songo Songo, unaona kabisa kuwa mtu mwenye ujuzi huo ana la kusema mezani. Kwa mpwa wangu hili ni zito kuliko jina la chuo.

Na pwani yenyewe. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, wazee wanakihadithia mpaka leo. Mei 2024 kilipokuja Hidaya, barabara ya Lindi na Dar ilikatika upande wa Kilwa na mabasi yakalala njiani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 hadi 2014, mojawapo ya sababu ikiwa bahari kula ufukwe. Hizo ni tasnifu tatu za masta, zimelala hapa zinangoja mtu. Chuo chochote utakachokiomba, waulize kama wanakuruhusu kufanya tasnifu nyumbani kwenu. Wakisita, mimi nitasita pia.

Potifolio

Niliifungua ya kijana wa Lindi kwenye kompyuta. Kurasa 40. Nyumba nzuri, ngazi nzuri, na kila mti ni mpira wa pamba wa kijani, wote saizi moja, kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa 40. Ya mpwa wangu ilikuwa na mimea yenye majina, lakini ashoki zimepangwa mstari kama askari getini na ukoka kila mahali, kama picha za katalogi ya hoteli.

Nikawapa kazi moja wote wawili. Nendeni Mikindani, kilomita kama 10 tu. Anzeni pale juu kwenye Boma, jengo la Wajerumani la 1895, mshuke mpaka kwenye maji, mchore mkato mmoja mrefu, yaani ardhi inavyoonekana ubavuni kama imekatwa kwa kisu. Mteremko, mtaro, nyumba za mawe, barabara ya lami, kisha mikoko. Na mikoko msiniandikie "mikoko" tu. Mlilana uko mbele unapigwa na wimbi, nyuma yake mkoko wenyewe wenye miguu ya buibui, halafu msinzi, mkandaa, na mchu ukipanda kuelekea nchi kavu ukipumua kwa vile vijiti vinavyochomoza matopeni. Kila mti umesimama pale kwa sababu ya sentimita kadhaa za kujaa na kupwa. Juri ya Cape Town au ya Ujerumani ikiuona mkato huo, ukiwa na vipimo halisi vya mpira wa levo, haitauliza IELTS yako ni ngapi. Haya, itauliza, lakini baadaye.

Ukirudi

Cheti cha nje kinapita TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, kutambuliwa. Usajili wa taaluma zetu uko kwa AQRB, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa sheria ya 2010. Waandikie kabla hujaondoka, na rudi na mitaala ya kila somo, si cheti peke yake. Kozi iliyoidhinishwa na chama cha taaluma cha kule, kama Landscape Institute, au na LAAB, bodi ya ithibati ya Marekani, inakupunguzia maelezo. Afrika Kusini baraza lao ni SACLAP.

Kazi? Tangazo la ajira lenye maneno "msanifu wa mandhari" hapa Mtwara sijawahi kuliona kwa macho yangu. Kazi yenyewe naiona kila siku: mitaro na barabara za miradi ya miji, hoteli za ufukweni, viwanja vya shule, makaburi yaliyojaa, fukwe za Kilwa. Inafanywa na asiyeisomea, au haifanywi. Anayetaka ajira ya halmashauri haraka ningemwambia abaki Ardhi, asome uzamili wa mipango miji na usimamizi, arudi na cheo kinachojulikana kwenye muundo wa utumishi. Si landskepu, lakini hakuna viza.

Tulichoafikiana mezani ni hiki. Kijana wa Lindi: Ahmedabad kwanza kupitia ICCR, Cape Town ya pili, Uingereza aifute mpaka apate mfadhili wa miaka 2. Mpwa wangu: awaandikie Pretoria wiki hii kuhusu ngazi yake, maana mwaka wao wa masomo unaanza Februari, aombe ile masta ya Ujerumani endapo ukoo utaweza akaunti, na Chevening aingoje Agosti ya mwakani, saa zake zikitimia. Harvard akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mkoba. Sikumuuliza.

Jumamosi walikwenda Mikindani maji yakipwa. Walichukua mpira wangu wa levo, wa mita 20, na waliurudisha jioni una tope hadi ndani. Mkato umeanza vizuri, ila wamepoteza nukta moja ya kipimo kati ya barabara na mkoko wa kwanza, na kupwa kwingine kukubwa ni mwezi ukiandama.